Mioyo 41, Mnunuzi Hakuna

Shikamoo Shangazi,

Naandika kutoka Leicester, Uingereza, ninakoishi na mume wangu na watoto wetu wawili. Marehemu baba mkwe alikuwa mpiga picha Tanga, na nusu ya harusi za mtaani kwao zilipita mbele ya lenzi yake. Alipofariki, shemeji alitufikishia sanduku la kamera zake: Yashica Mat-124G, ile ya lenzi mbili unayoitazamia kwa juu, Zenit mbili, Pentax K1000 na Olympus Trip. Tulikubaliana na mume wangu tuziuze, fedha ziende kuezeka upya nyumba ya mama mkwe, maana mabati yamechoka na mvua za masika zinaingia hadi chumbani.

Nikaziweka zote eBay, kila kamera kwa bei moja iliyoandikwa. Mnada mume wangu aliukataa katakata. Alisema kamera za baba hazipigwi mnada, hatudaiwi na mtu. Yashica akaipangia pauni 340. Sikuijaribu kwa sababu sijui hata filamu inaingia wapi, kwa hiyo kwenye maelezo nikaandika ukweli: haijajaribiwa.

Shangazi, tangu hapo sina raha. Kila asubuhi kabla sijawaamsha watoto naangalia simu. Watu wanaihifadhi ile kamera, wanaweka ule moyo, lakini hawanunui. Walianza wachache, wakafika ishirini na kitu, nikashusha bei hadi 325. Wakaongezeka. Nikashusha hadi 310. Leo wamefika 41 na hakuna hata mmoja aliyeniandikia neno. Mume wangu amesema haishuki tena, na tukilizungumza tunaishia kugombana.

Nimeanza kuwaza vibaya. Kwenye kikundi chetu cha upatu niliwahi kutaja kwamba nauza kamera. Je, si wao wanaonichungulia waone kama nitafanikiwa? Mimi mwenyewe si mtu wa kuchezea biashara ya mwenzangu. Nina cherehani moja tu niliyoihifadhi humo tangu kabla ya Ramadhani, na hiyo nitainunua. Mama mkwe anapiga simu kila wiki kuuliza habari za mabati, naye nimemwambia wanunuzi wapo wengi. Nifanye nini?

Mwenye Kamera, Leicester

*

Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba, na pole kwa mvua ya chumbani.

Nianze na kijicho, kwa sababu ndicho kinachokunyima usingizi na ndicho chepesi kukiondoa. eBay humwonyesha muuzaji idadi ya waliohifadhi tangazo lake, basi. Majina haimwonyeshi. Kwa hiyo huna njia ya kujua kama mwenzako wa upatu yumo, na kuendelea kumtafuta humo ni kujichosha. Isitoshe, mtu wa upatu anayetaka kukucheka hana haja ya kubonyeza moyo kimyakimya. Atakuuliza mbele ya watu, sahani ya pilau mkononi, "Vipi shoga, zile kamera zimetoka?" Hao 41 wengi wao hawakujui kabisa, na hawajui kwamba Tanga kuna nyumba inavuja.

Halafu umenichekesha, naomba unisamehe. Katikati ya malalamiko yako umepitisha cherehani kana kwamba hakihusiki. Tangu kabla ya Ramadhani! Mwenye cherehani hicho naye yuko mahali, labda Derby, labda Hull, anaamka asubuhi anakuta moyo wako na kujiuliza huyu ni nani na ananitaka nini. Ukiulizwa utasemaje? Hukumdharau, wala hukukusudia kumtesa. Labda unangoja mdogo aanze shule upate nafasi. Labda hujapima kama kitaenea pale karibu na dirisha. Labda unangoja kishuke bei. Au, niseme tu, unapenda kule kujiona mtu ambaye karibuni atakuwa na cherehani, na raha hiyo unaipata bure kila ukifungua orodha yako.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Monika Kukar-Kinney na Angeline Close, walichapisha matokeo yao kuhusu watu wanaojaza kikapu cha duka la mtandaoni kisha wakaondoka bila kulipa. Waliona kwamba kwa wengi kikapu ni burudani, na pia ni mahali pa kupangia vitu wanavyovitamani ili wavirudie kuvitazama. Taasisi ya Baymard ya Denmark, inayokusanya takwimu za namna hii kutoka tafiti nyingi, inasema wastani wa vikapu vinavyoachwa bila kulipiwa ni kama asilimia 70. Na mtu wa kikapu ameshasogea karibu na malipo kuliko mtu wa moyo. Ikiwa huyo anaondoka kwa kiwango hicho, huyu wa moyo usimhesabu kabisa.

Sasa tuwafungue hao 41 tuone ni akina nani. Wamo wauzaji wenzako. Mtu mwenye Yashica kama yako anayetaka kuiweka sokoni ataihifadhi yako ili aone itauzika kwa bei gani na baada ya muda gani, ndipo apange yake. Huyo hatanunua milele, na moyo wake hauna tofauti na wa mteja. Wamo wapenzi wa kamera ambao huzikusanya kwa macho. Wamo walioweka moyo kwenye Yashica sita kwa pamoja ili wazilinganishe, wakanunua moja ya mtu mwingine, wakasahau kuondoa mioyo mitano iliyobaki. Wamo wanaongoja mshahara wa mwisho wa mwezi. Na wamo wachache, labda watatu, labda watano, wanaoitaka kamera yako kweli lakini kuna kitu kinawazuia. Hao wachache ndio wanaostahili akili yako.

Kabla ya kuwafikia, nikueleze ule moyo ulianzaje, maana sehemu ya mateso yako inatoka huko. Pierre Omidyar alipoanzisha eBay mwaka 1995 kule San Jose, California, ilikuwa ni mnada mtupu, na hata jina lake la kwanza lilikuwa AuctionWeb. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza, tena mbovu, ikaenda kwa dola 14.83. (Kwa hiyo usidhani kitu kibovu hakina mtu wake.) Katika mnada, kuhifadhi tangazo kulikuwa na maana moja iliyo wazi. Mnada una siku yake ya kwisha: siku moja, tatu, tano, saba au kumi. Anayekitaka kitu anakihifadhi ili asipitwe na saa ya mwisho, na muuzaji akiona wafuatiliaji wengi anajua kwamba dakika za mwisho patachemka.

Kisha mwaka 2000 ikaja njia ya kununua papo hapo kwa bei iliyoandikwa, na miaka ilivyokwenda hiyo ndiyo ikatawala. Watafiti Liran Einav, Chiara Farronato, Jonathan Levin na Neel Sundaresan waliitafiti eBay yenyewe, na walichokichapisha mwaka 2018 kinaelekeza kwamba wanunuzi ndio waliobadilika: wengi hawataki tena kukaa wiki nzima wakingoja nyundo ya mnada. Bei moja ikashinda. Halafu mwaka 2019 eBay ikafanya matangazo ya bei moja yajirudie yenyewe mwezi baada ya mwezi hadi kitu kiuzwe au mwenyewe alifute. Ule moyo ukabaki palepale, na saa iliyoupa maana ikaondolewa. Mtu aliyehifadhi Yashica yako leo ana hakika kwamba wiki ijayo ataikuta, na mwezi ujao pia. Kwa nini akimbie?

Na si saa tu iliyoondoka, mdomo nao umeondoka. Hapa nirudi nyumbani kidogo. Mtu akiingia dukani Kariakoo, akashika kitenge, akauliza bei, akasema "ngoja nizunguke kwanza, narudi," mwenye duka hakasiriki wala hamngoji. Lakini katika ile dakika moja amepata habari nyingi. Amemwona mteja alivyokunja uso bei ilipotajwa, amesikia "punguza basi," ameona kama mkono ulichelewa kukiachia kitambaa. Akitaka kumrudisha anamwita kabla hajafika mlangoni: "Dada njoo, una shilingi ngapi?" Wewe umewekewa "narudi" arobaini na moja bila uso hata mmoja. Ndiyo maana unaujaza ule ukimya kwa mawazo ya husda. Mtu akikosa habari hujitungia, na za kujitungia huwa mbaya.

Tena kuna hili ambalo huenda hujaliona. Siku hizi eBay humruhusu muuzaji kuwapelekea ofa ya bei pungufu watu waliohifadhi tangazo lake. Wanunuzi wazoefu wanajua. Wapo wanaoweka moyo kwa sababu hiyo hasa, kisha wanakaa. Kwao moyo ndio "niambie bei ya mwisho" ya huko, na wanashangaa kwamba muuzaji hajibu. Yaani wewe unalalamika kwamba hawakuandikii, nao wanaona wameshakuandikia.

Na wewe umewajibu, ila kwa njia inayowafundisha kusubiri. Bei ikishuka, waliohifadhi hupewa taarifa. Ulipotoka 340 kwenda 325 walipata taarifa, na ulipofika 310 wakapata nyingine. Mtu aliyekuwa anafikiria kununua kwa 325 akasema moyoni, kumbe huyu anashuka, ngoja. Pauni kumi na tano hazimtoi mtu kitini, lakini zinatosha kumwonyesha kwamba ngazi inateremka. Ndiyo maana mioyo iliongezeka kila uliposhusha. Kama ni kushuka, shuka mara moja kwa hatua inayoonekana, kisha simama hapo.

Kuna jambo la bei ambalo linawapita wauzaji wengi wa huko, nalo ni kwamba bei unayoiandika sio anayoiona mnunuzi. eBay ya Uingereza iliwaondolea watu binafsi ada ya mauzo mwezi Oktoba 2024, wakashangilia. Februari 2025 ikaweka ada ya kumlinda mnunuzi, ambayo mnunuzi ndiye anayeilipa, nayo hujumlishwa kwenye bei anayoonyeshwa anaponunua kwa mtu binafsi kama wewe. Kwa hiyo ile 310 yako mwenzako anaiona kubwa zaidi, na bado hajafika kwenye gharama za posta. Hizo gharama za nyongeza ndizo Baymard wanazozikuta zikiongoza kila wanapowauliza watu kwa nini waliacha kikapu. Toka kwenye akaunti yako, lifungue tangazo kama mgeni, ujumlishe mwenyewe mpaka kamera ifike mlangoni kwa mtu. Huenda utagundua kwamba unauza kitu cha bei ambayo hukuikusudia.

Lakini nikuambie ninachokiona mimi kuwa ndicho kizuizi kikubwa, na hakiko kwenye bei. Kiko kwenye neno lile ulilolisema harakaharaka, haijajaribiwa. Nakusifu kwa kusema ukweli. Ila mnunuzi wa kamera za filamu akilisoma neno hilo anasikia: imejaribiwa, imekutwa mbovu, na muuzaji hataki kusema. Amelisoma mara mia kwa watu waliokuwa wanadanganya. Halafu anaangalia bei, anakuta bei ya kamera nzima. Hapo ndipo anapoweka moyo, maana kuinunua anaogopa na kuiacha hawezi.

Yeye anataka kujua nini? Anataka kujua kama kifunga lenzi kinafunguka na kufunga vizuri hata kwenye kasi za taratibu, ile ya sekunde moja na ile ya nusu sekunde, kwa sababu kamera iliyolala miaka hugandia hapo kwanza. Anataka kujua kama mkono wa pembeni wa kusogeza filamu unazunguka bila kukwama. Anataka kujua kama kipima mwanga kinaamka. Kumbuka kamera hiyo ilitengenezewa betri ya zebaki ambayo imeshapigwa marufuku, kwa hiyo kisipoamka usiitupe, sema tu hali ilivyo. Zaidi ya yote anataka kujua habari za lenzi. Hii kamera imeishi Tanga, mwanangu. Unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi, nyuzinyuzi nyembamba kama za buibui, na mnunuzi akisikia ilitoka pwani ya Afrika Mashariki hilo ndilo litakalomjia kwanza. Fungua kifunga lenzi, washa tochi ya simu upande wa pili, piga picha ukiitazama lenzi dhidi ya mwanga. Ikiwa safi, picha hiyo itakufanyia kazi kuliko punguzo la pauni 50. Ikiwa na ukungu, iweke picha vilevile. Wapo mafundi na wapenzi wanaonunua zenye ukungu, mradi wajue wanachonunua.

Leicester ni mji mkubwa, hutakosa duka la kamera au fundi wa zamani wa kukuangalizia zote tano kwa siku moja. Mlipe. Au tafuta kijana mmoja anayepiga filamu, wamerudi kwa wingi siku hizi, umnunulie roli moja aipitishe kwenye Yashica, na picha zitakazotoka uziweke kwenye tangazo. Neno "haijajaribiwa" lifute.

Sasa nimfikie mwanangu mwingine, mumeo, na nitasema kwa upole kwa sababu ni mtu aliyefiwa na baba.

Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi kwa vikombe vya kawaida kabisa. Nusu ya wanafunzi walipewa kikombe wakaambiwa ni chako, nusu hawakupewa. Wenye vikombe walipoulizwa wangeviuza kwa bei gani, walitaja karibu mara mbili ya kile ambacho wasio navyo walikuwa tayari kulipa, wakati mwingine zaidi. Na hivyo ni vikombe walivyokuwa navyo kwa muda mfupi tu. Je, kamera ambayo mtoto alikuwa akiiona shingoni kwa baba yake kila Jumamosi anatoka kwenda harusini? Pauni 340 za mumeo hazikutoka sokoni. Zilitoka huko.

Wewe unaona amepanga bei ya kuuzia. Mimi nikisoma barua yako naona mtu aliyetafuta bei ya kutouzia bila kulazimika kusema hapana. Mnada angeukubali, Jumapili jioni kamera ingekuwa imekwenda, apende asipende. Bei moja isiyoshuka inamruhusu aseme ameiweka sokoni, kwa hiyo ametimiza ahadi kwa mama yake, na papo hapo kamera inabaki kabatini. Wale 41 wanaitaka bila kuilipia, naye anaiuza bila kuiachia. Tangazo moja la bei moja limewapa pande zote mbili mahali pa kukaa bila kuamua, na wewe peke yako ndiye unayeamka alfajiri kuangalia simu.

Kwa hiyo ugomvi wenu wa 310 au 290 uacheni, hauna mwisho. Mkae usiku mmoja watoto wamelala, mlitoe sanduku lote juu ya meza, umuulize swali moja: katika hizi tano, ni ipi ambayo ikiondoka utaumia? Usimtajie bei. Akichagua Yashica, nami nahisi ataichagua, basi ifute kwenye eBay kesho yake, na hao 41 wataambiwa tangazo limekwisha na maisha yao yataendelea. Iwekeni sebuleni. Watoto wenu wajue babu yao alikuwa nani.

Akisema hata hiyo iende, basi iuzwe kama kitu kinachouzwa. Usiangalie bei ambazo wenzako wameandika, hizo ni ndoto za watu wengine. Kwenye eBay kuna kichujio kinachoonyesha vilivyokwisha kuuzwa katika miezi kama mitatu iliyopita na, kwa kawaida, bei ambayo kila kimoja kiliuzwa. Tafuta Yashica zenye hali kama ya kwenu, ondoa ya juu kabisa na ya chini kabisa, uone zilizobaki zinaangukia wapi. Huko ndiko bei iliko, hata kama mumeo atanuna.

Mkishaipata, fungua tangazo jipya, lile la zamani limeshachoka, lina harufu ya kushushwa. Ruhusu watu wakutumie ofa, urudishe mdomo sokoni. Na kama mnataka iondoke mapema, andika namba ya mviringo, 300 mathalani, usiandike 297. Wachumi Matthew Backus, Thomas Blake na Steven Tadelis walipochunguza mapatano ya bei kwenye eBay waliona kwamba anayeandika bei ya mviringo, mamia kamili, huletewa ofa za chini kidogo lakini huzipata mapema na ana nafasi kubwa zaidi ya kuuza, kwa sababu wanunuzi humwona ni mtu aliye tayari kuzungumza. Asiye na haraka aandike namba yenye makorokoro. Nyinyi mna masika yanakuja.

Watu watakapoanza kuihifadhi tena, waache kidogo, halafu wapelekee ofa moja, yenye punguzo la kweli. Ofa hiyo huwa na muda wake wa kwisha, na huo ndio unaoutaka, maana kwa siku hizo chache unakuwa umewarudishia ile saa. Andika na ujumbe mfupi, wa adabu: kamera ilikuwa ya mpiga picha wa harusi, imekaguliwa, itafungwa vizuri. Wasipoitikia, usiwafuate na ofa ya pili baada ya siku mbili. Mwenye kufuatafuata naye hufundisha kusubiri.

Kwa zile Zenit sina maneno mengi. Zilitengenezwa kwa mamilioni huko Muungano wa Kisovieti na zimejaa kila kona, kwa hiyo ziuzeni pamoja, kwa bei ndogo, bila mjadala. Olympus Trip nayo ina watu wake, itapata mtu.

Kuhusu mama mkwe, hapo nitakugombeza kidogo. Umemwambia wanunuzi wapo wengi. Hawapo, mwanangu, wapo watazamaji. Mama wa watu anaweza kuwa ameshazungumza na fundi na kukopa misumari kwa kutegemea neno lako. Mpigie umweleze kwamba kamera bado, kisha mkae na mumeo na ndugu zake mchange kilichopo mnunue hata mabati ya kile chumba kimoja kwanza. Kamera zikiuzika, zitafidia. Paa lisingoje mtu wa Hull apate mshahara.

Na zile asubuhi zako: ondoa taarifa za eBay kwenye simu, ubakishe za ujumbe na za mauzo tu. Idadi ya mioyo haikuambii chochote ambacho utakifanyia kazi saa kumi na mbili alfajiri. Iangalie mara moja kwa wiki unapoamua kama utatuma ofa. Ukiwa humo, amua na habari ya cherehani. Mwandikie mwenyewe umwambie ulichonacho mfukoni. Akikataa, ondoa moyo wako umpishe.

Anzeni na Pentax K1000. Ni kamera nyepesi kuifahamu, ilitengenezwa tangu 1976 hadi 1997, na kwa miaka walimu wa upigaji picha ndiyo waliyokuwa wakiwaagiza wanafunzi wainunue, kwa hiyo jina lake linajulikana na mtu wa kuitaka hakosekani. Inafanya kazi hata bila betri, kipima mwanga tu ndicho kinachoihitaji, na betri yake ndogo utaipata dukani kwa pauni chache. Itie betri, ielekeze dirishani, uone kama sindano inapanda. Ikipanda, liandike hilo kwenye mstari wa kwanza wa tangazo.

Shangazi yako